Ngeli ya Mtu

Mwaka, katika mji ule, haukuisha mpaka Mshika Nchi auchoke. Ulikuwako mwaka uliodumu mvua moja tu, na ulikuwako mwingine ambao watoto walizaliwa ndani yake wakaota ndevu kabla haujafungwa. Lakini mwaka ukiisha, uwe mfupi uwe mrefu, kila mtu alijua kinachofuata: Siku ya Hapana. Siku hiyo Mshika Nchi alishuka kutoka kwake juu kwa miguu, bila mwavuli, akasimama katika ua wa Mahakama mbele ya jaji mmoja, akaomba ruhusa ya jambo moja. Jaji alimjibu, "Hapana." Mshika Nchi aliinamisha kichwa, akageuka, akarudi alikotoka. Nao watu walirudi majumbani wakiwa wametunisha vifua. Umeona? Hata yeye hukatazwa. Nchi gani nyingine ambako mkubwa hukatazwa mbele za watu?

Aliyepewa kulisema neno hilo safari hii alikuwa Jaji Siwema, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mazoea ya kusoma kila sentensi mara mbili hata ikiwa ni tangazo la sabuni. Kabla yake neno lilikuwa mdomoni mwa Jaji Ngwali, ambaye sasa alikuwa amezeeka na sauti imemkauka. Ngwali ndiye aliyemfunda. Hapana haitoki kooni, mwanangu, alimwambia. Hutoka tumboni, halafu unanyamaza, unawaachia watu furaha yao. Siwema akamwuliza ni mambo gani aliyoyakataza katika miaka yake yote. Mzee akayataja kwa raha kama anayetaja wajukuu. Aliwahi kumkataza Mshika Nchi kufuga twiga barazani. Aliwahi kumkataza kubadilisha rangi ya maziwa. Aliwahi kumkataza kuoa mvua.

"Na angeruhusiwa," Siwema akauliza, "angeoa mvua?"

Ngwali alimtazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "hilo si swali la kisheria."

Mwaka ulipoanza kunukia mwisho, alasiri moja mwanamke alibisha hodi nyumbani kwa Siwema. Aliitwa Kidawa, msuka mikeka wa mtaa wa pili. Alikuwa na vidole vilivyopasuka kwa ukindu, na alikishika kizingiti kana kwamba nyumba ndiyo iliyokuwa inataka kuanguka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Karibu ndani, mwanangu."

"Sitaingia. Nikiingia nitakaa, nikikaa nitalia, na sikuja kulia. Mume wangu alicheka."

Siwema hakumwuliza alicheka wapi. Siku ya Hapana iliyopita, ile ya rangi ya maziwa, yeye alikuwa amesimama nyuma ya Ngwali. Katika kimya kilichofuata neno, mtu mmoja kwenye umati alicheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilikuwa kifupi, cha mtu aliyetegewa kitendawili tangu utotoni na leo ghafla amekitegua. Askari waliupasua umati kama jembe. Siwema alijiambia wakati ule kwamba pengine wanampeleka kivulini.

"Anaitwa Rajabu," akasema Kidawa. "Fundi cherehani. Yumo Shimoni, kifungoni kwa Mshika Nchi, tangu siku ile. Nimekwenda kwa mjumbe, nimekwenda kwa mkuu wa askari, wote wananiambia nisubiri mwaka uishe. Wewe ni jaji. Jaji ana kazi gani?"

Swali hilo halikuulizwa kwa ukali. Kidawa alitaka kujua tu, kama mtu anavyouliza bei.

Nyuma ya viti vya majaji palikuwa na pazia zito, nyuma ya pazia palikuwa na ukuta, na ukutani ilichongwa Katiba ya nchi. Pazia liliwekwa, walisema, ili maneno yasipate vumbi. Asubuhi iliyofuata Siwema alilisogeza akaingia nyuma yake kama mtoto anayejificha. Maneno hayakuwa na vumbi hata chembe. Kingo zake zilikuwa kali bado, maana hayakuwahi kuguswa na mkono wa mtu. Akayapapasa. *Mshika Nchi hatamshika mtu ambaye jaji hajamwona.* Akausoma mstari huo mara mbili, kama kawaida yake, kisha akausoma tena.

Mpaka ni nini? Ukuta? Ukuta huvunjwa. Kamba? Kamba hukatwa. Neno, basi. Lakini neno ni pumzi, na pumzi ina nguvu gani mbele ya mkono? Labda ina nguvu kwa sababu mkono umekubali. Na mkono ukikubali kuzuiwa, ni nani aliyezuia, neno au mkono? Kama ni mkono, mimi navaa joho la nini? Twiga barazani. Maziwa. Mvua. Tumekuwa tukimkataza mtu asitende yale ambayo hakuwa na nia ya kuyatenda, na kila tulipomkataza hayo, yale aliyoyataka yalipita nyuma yetu bila kubisha hodi. Mpaka ambao haujagongwa haujulikani kama upo. Lazima ugongwe. Hivyo ndivyo Siwema alivyowaza nyuma ya pazia, na mawazo yake yalikuwa sahihi yote. Kitu kimoja tu hakujiuliza: ugongwe kwa kichwa cha nani.

Siku ikafika. Mshika Nchi hakuwa na uso wake mwenyewe. Kila aliyemtazama alimwona mtu wa kwanza aliyemtii maishani. Wengine waliona baba, wengine walimu, wazee wachache waliona mabwana waliokufa zamani. Siwema alimwona marehemu mama yake mdogo, aliyemlea kwa fimbo na uji mzito.

"Naomba ruhusa," akasema Mshika Nchi, "ya kuvaa viatu vyekundu."

Umati ukajiandaa kushangilia.

"Viatu, ruhusa," akasema Siwema. "Vaa, na vya kijani pia ukitaka. Lakini Shimo, hapana. Humo mna watu ambao jaji hajawaona. Hutamshika hata mmoja wao mpaka nimwone. Waletwe hapa."

Hapakuwa na shangwe. Hapana ya kweli, kumbe, haina sherehe. Watu walitazama miguu yao. Ngwali, nyuma yake, alinong'ona, "Mwanangu, nani amekutuma?" Ila Kidawa, kule pembeni mwa ua, aliinua mikono yake yote miwili, akaiacha juu hivyo hivyo, kama mtu anayepokea mzigo kutoka darini.

Mshika Nchi aliinamisha kichwa, chini zaidi kuliko miaka yote. "Nimesikia," akasema. "Nitatii."

Alitii. Hilo lazima lisemwe, maana watu waliokuja baadaye walidai kwamba alivunja amri, na huo ni uongo. Hakuwahi kutii vizuri kama safari ile.

Kesho yake Mahakama ilikaa kwa majaji watatu. Ngwali alikaa kulia, na kushoto alikaa Jaji Msellem, mtu mnene mpole aliyependa kukubaliana na kila aliyesema mwisho. Siwema alikaa katikati. Mshika Nchi mwenyewe alikuja akakaa mkekani pamoja na watu wa kawaida, amevaa viatu vyekundu. Aliyemsemea alikuwa Wakili wa Nchi, Bwana Sururu, aliyekuwa mwalimu wa sarufi kabla hajapanda cheo.

Rajabu aliletwa kwa mkokoteni. Walimshusha wakamsimamisha katikati ya chumba, naye akabaki vile vile alivyosimamishwa. Shimoni muda hauendi mbele, huzama, na yeye alikuwa amezama nao: mabega yameingia kifuani, shingo imeingia mabegani, nywele za upande mmoja nyeupe na za upande mwingine nyeusi. Macho tu ndiyo yalikuwa ya fundi cherehani. Yalizunguka chumba yakitafuta, yakampata Kidawa, yakatulia.

"Waheshimiwa majaji," akasema Sururu, "tulishuka Shimoni kuwatafuta hao watu. Tulitafuta kwa taa, tukaita kwa majina. Tulichokikuta ni hiki, na vingine kama hiki. Sasa Katiba imesema *mtu*. Serikali haibishani na Katiba, inauliza tu ieleweshwe. Hiki ni mtu?"

"Ni mtu," akasema Siwema. "Namwona."

"Taratibu, Mheshimiwa. Mahakama ni majaji watatu, na ushahidi haujasikilizwa." Sururu alisema hivyo kwa adabu nyingi. "Tuangalie kwanza kila jibu linatupeleka wapi. Kikiwa ni mtu, basi amepata haki yake: jaji amemwona, na sasa ahukumiwe kama watu wanavyohukumiwa. Sheria ya mtu anayeicheka Hapana inajulikana. Hunyongwa. Tulikuwa hatujamnyonga kwa sababu jaji alikuwa hajamwona. Lakini kikiwa ni kitu, kitu hakina kosa. Kitarudishwa kilipokuwa kimewekwa, kitaendelea kuwapo. Hata kulishwa kinalishwa."

Chumba kizima kilisikia mlango ukifungwa, ingawa milango yote ilikuwa wazi.

Sururu akamwita Kidawa shahidi. Kidawa alisogea mbele mpaka akawa karibu na mumewe kiasi cha kuweza kumgusa. Hakumgusa.

"Umesikia yote, bibi. Kiangalie. Unasemaje?"

Kidawa alikuwa amesikia yote. "Simjui," akasema.

Sururu akatabasamu, tabasamu la darasani. "Simjui. Si, *m*, jui. Hiyo *m* umeitoa wapi, bibi? *M* ni ya mtu. Hata mbuzi tunampa, kwa hisani. Ukisema humjui, umekiri kwamba kuna mtu hapa ambaye wewe humjui. Niandike hivyo? Mahakama iandike kwamba mkewe amemwita mtu?"

"Hapana. Usiandike."

"Basi sema vizuri."

Nzi alikuwa ameingia kutoka uani. Alizunguka, akatua juu ya mdomo wa Rajabu. Watu wote walimwona. Alitembea kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine, akasimama, akasugua miguu yake, akapanda shavuni kuelekea jicho. Na Rajabu, ambaye naye alikuwa amesikia yote, hakuinua mkono. Alikuwa anajitahidi. Siwema aliiona juhudi ile, mshipa mmoja ukipiga shingoni, kope zikitetemeka zisifumbe. Mtu mzima alikuwa anatumia nguvu zote alizobakiwa nazo kusimama kama kabati. Nzi alifika kwenye unyevu wa jicho akanywa.

"Sikijui," akasema Kidawa. Sauti ilitoka kavu kama ukindu. "Sikijui hiki. Sijawahi kukiona." Halafu, bila kuulizwa, kama mtu aliyeanza kukata na sasa anataka kumaliza haraka kwa ajili ya anayekatwa, akaongeza, "Kiondoeni."

Sururu alishukuru, akakaa.

Ngwali alisema wa kwanza, akiitazama meza. "Mimi naona kitu." Msellem alimtazama Mshika Nchi kule mkekani, akakuta hakuna ishara yoyote ya kukubaliana nayo, akatokwa na jasho, akakumbuka alichoelekezwa asubuhi. "Mimi naona mtu," akasema, "na mtu huyo anyongwe."

Kura moja kwa kitu, moja kwa mtu. Macho yote yakaja katikati.

Siwema alitaka kuzungumza juu ya Katiba. Alitaka kusema kwamba maneno yale yalichongwa ili mtu atolewe Shimoni, hayakuchongwa ili achaguliwe njia ya kufa. Alitaka kumwambia Sururu kwamba kiongozi naye huanza na *ki*. Wazo hilo lilifika hadi ncha ya ulimi, likaona waliokaa chumbani, likarudi. Kisha mawazo yakamjia vipande vipande, bila kupangika. Nikisema mtu, nimesema kweli, na kweli itamning'iniza kabla ya adhuhuri. Nikisema kitu, atapumua. Kupumua ni kuishi? Mwulize anayepumua. Hakuna aliyemwuliza. Nimwulize? Nikimwuliza jina lake nimeshahukumu, kitu hakiulizwi jina. Mkewe ameomba. Mkewe ameomba kwa *ki*, nimsikilize yeye au ukuta? Ukuta hauna mume. Nilisema nataka kumwona. Nimemwona. Ee Mola, nimemwona.

Alimtazama Kidawa. Kidawa alitikisa kichwa kidogo sana, ndiyo, fanya.

"Mahakama," akasema Siwema, "inaona kitu."

Katika mji ule neno la jaji halikuwa maoni. Lilikuwa macho. Alichokiona jaji ndicho watu walichokiona, na mara ile ile nyuso zote chumbani zililegea kwa nafuu: palikuwa pamesimama umbo fulani la kijivu, la kubebwa, na hakuna aliyekumbuka kwa nini lililetwa. Wachukuzi walililaza mkokotenini. Kidawa peke yake aliendelea kuliona jicho, na nzi, na mkono ambao sasa, chini ya turubai, uliinuka hatimaye ukajifuta.

Mshika Nchi alisimama akaja mbele ya Siwema. "Nakushukuru," akasema, na alikuwa mkweli. "Miaka yote wamekuwa wakinikataza upuuzi. Wewe umenionyesha mpaka wangu. Mtu, nisimguse. Naapa mbele ya Mahakama hii: sitamgusa mtu tena."

Kiapo hicho alikitimiza. Hakuna mtu aliyeguswa tena katika nchi ile. Walimu walipogoma kudai mishahara, Sururu alikwenda na hoja yake, na Mahakama ikaona vitu vinavyopiga kelele. Vikaondolewa. Wauza samaki waliokataa kuhama ufukweni, vikaondolewa. Wakili mmoja kijana aliyesimama kusema kwamba Katiba ilikuwa inasomwa kichwa chini, alianza hotuba yake akiwa *a*, akaimaliza akiwa *ki*. Shimo lilipanuliwa mara mbili, kisha nyumba za jirani zikabomolewa likapanuliwa tena. Mama walianza kuwasahihisha watoto wao mezani: usiseme amekwenda wapi, sema kimekwenda wapi, kisha usiseme kabisa. Na kila hukumu ilianza kwa maneno yale yale, *kwa kufuata uamuzi wa Jaji Siwema*. Wageni waliotoka mbali walikuja kusoma uamuzi huo. Waliusifu kwa uwazi wake.

Siwema hakujiuzulu. Alijiambia kwamba akiondoka atakuja mbaya zaidi, na akalisema hilo mara nyingi mpaka siku moja akagundua kwamba hawezi tena kumfikiria huyo mbaya zaidi ana sura gani.

Ikawa mchana mmoja, katika mwaka ambao haukuwa na dalili ya kuisha, Kidawa akaingia ofisini kwake Mahakamani. Hakubisha. Alikuwa na udongo hadi viwikoni. Safari hii alikaa.

"Amekufa," akasema.

Siwema alifungua mdomo.

"Usinisahihishe, Bi Mkubwa. Nimesema *a*mekufa." Kidawa alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu vitu alivyobeba. "Walimtupa jaani, kwenye viti vibovu na masufuria. Nikamchukua. Mwepesi, hungeamini, nilimbeba begani kama mkeka. Nimemwosha. Nimemzika chini ya kitanda changu, mimi mwenyewe, kwa upawa na kwa mikono. Nimemwita jina lake akiwa chini. Nimelirudia mpaka likaniuma."

"Kuzika kitu ni kosa, Kidawa."

"Najua."

"Ni kukipa kitu heshima ya mtu. Adhabu yake..."

"Naijua. Ndiyo maana nimekuja. Nimechoka kumjua peke yangu." Akaweka mikono yake michafu juu ya meza ya jaji, viganja juu. "Nihukumu. Nihukumu kama mtu, nikanyongwe kama mtu, na watu wasikie alizikwa nani. Hilo tu. Sikuombi kitu kingine. Ile siku nilikuomba vibaya, leo naomba vizuri."

Viatu vilisikika ukumbini. Makungu, karani wa mlangoni, mtu aliyemtumikia Siwema tangu siku ya kwanza, alisukuma mlango akachungulia. Nyuma yake walisimama askari wawili wakipumua kwa haraka.

"Samahani, Mheshimiwa. Hawa wanafuata nyayo za udongo kutoka jaani. Zinaishia hapa. Uko na mtu humu?"

Kidawa aliinua uso. Ulikuwa na utulivu ambao Siwema hakuwa ameuona juu ya uso wowote tangu mwaka ule uanze. Alikuwa anangoja kuonekana.

Na Siwema alimhurumia. Hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yake siku zote, aliwahurumia watu. Aliona kamba. Aliona miguu iliyopasuka ikitafuta ardhi. Akafikiri: huyu mmoja nitamwokoa.

"Hapana mtu," akasema.

Makungu alitazama chumba, meza, kiti. Macho yake yalipita juu ya Kidawa kama yanavyopita juu ya pazia. "Nisamehe," akasema, akaufunga mlango, na viatu vikaondoka.

Kidawa aliitazama mikono yake pale mezani, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akainua macho akamtazama Siwema, na Siwema akashindwa kuyapata macho hayo. Alijua yapo. Alitazama pale yalipokuwa yakipaswa kuwa, akaona mgongo wa kiti na udongo kidogo.

"Bi Mkubwa," sauti ikasema. "Umenifanya nini?"

Mlango ulifunguka, ukafungwa. Siwema alikwenda dirishani. Kule uani, muuza maji alikuwa amesimama na madumu yake, jua limewaka. Alisikia sauti ya mwanamke ikiomba maji. Muuza maji alijipangusa shingo, akatazama huku na huku, akapiga mluzi. Sauti iliomba tena, kwa adabu. Halafu ikaomba bila adabu. Halafu Siwema akaliona dumu moja likiinama lenyewe, maji yakimwagika juu ya vumbi, na muuza maji akilipiga teke lile dumu huku akilaani upepo.